Maji Nyekundu ya Kushusha Damu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5, mwezi ya saba 1999

Ee Macho-Mingi, rafiki yangu, weye unayefungua kaye, daftari ya mutu, bila kulomba ruhusa. Karibu. Kaa. Leo nimevumbua kitu.

Nilinunua mandazi ku soko ya hapa Nchelenge, pale minibus za Mansa zinasimamaka. Mandazi tatu, baridi. Lakini karatasi yake! Ukurasa ya gazeti ya Kifransa, ya zamani, mafuta kila fasi. Nikakula mandazi, nikasoma karatasi. Docteur moja anasema kuko batu kule Ulaya banakula nyama na mafuta kila siku, na roho yabo haiharibike. Juu ya nini? Juu ya polifenoli. Iko mu vinyo nyekundu, mu chai, mu kakao, mu matunda na maua ya rangi nyekundu. Inalegeza mishipa. Inashusha tansiyo, ile ugonjwa ya damu kupanda. Kiisha pale karatasi imepasuka.

Nilirudi kwa mama ya mandazi, nikalomba kipande ingine. Akasema amekwisha kufungia mutu mwingine, na kama nataka kusoma niende ku masomo.

Si kitu. Ya maana nilishasoma.

Sasa sikiliza. Mama Jeanine, dada mukubwa ya mama yangu, eko na tansiyo. Ni yeye njo alinilea tangu mama alikufa. Ni yeye njo alinivusha ziwa mu bwato mwaka jana, wakati vita ilianza kwetu ngambo, nikiwa na kaye tatu na suruali moja. Hana mutoto mwingine. Mi sina mama mwingine.

Ku klinike Sista anamupatia bidonge, kimoja kila asubui. Habipendi. Binamupeleka mu choo kila wakati, na kazi yake ni kutia samaki munyu kule pa kivuko. Akienda mu choo, mbwa inaenda na samaki. Jana samaki mbili ya makobo, minene. Alisema bidonge ya Sista binanenepesha mbwa ya batu.

Na maua nyekundu? Jirani yetu Ba Eneless, mama Mubemba wa hapa hapa, eko na gunia muzima ya maua ya lumanda ya kukauka. Kwetu tunaitaka ngai-ngai. Nyekundu sawa damu yenyewe.

Umeanza kuona, Macho-Mingi? Mi silalake, hata muchana.

Siku ya ine, tarehe 8

Nilitokotesha. Vikombe mbili ya lumanda, sufuria moja ya maji. Ikatoka nyekundu, muzuri, unaweza kuvaa.

Mama Jeanine alikunywa. Uso ilikunjamana yote, hata masikio. Akauliza kama polifenoli ni jina ya mutu aliyemuchukia. Nikamuelezea mishipa. Nikamuchorea mu muchanga: huu mushipa ya zamani, mwembamba, huu mushipa yenye imekunywa. Akaangalia. Akasema mutoto wangu angesoma angekuwa docteur.



Kiisha tulipatana. Kikombe tatu kwa siku, na bidonge vipumuzike. Ni mi nilisema vipumuzike. Yeye alicheka, akavifunga mu kitambaa, akaviweka juu ya kabati. Alifanya kazi siku nzima bila kukimbia. Mbwa ilikaa na njaa.

Blanchard alipita. Huyu Blanchard eko na meza ya kuuzisha bateri na dawa ya minyoo, karibu na ile yangu nayotayarisha. Alimaliza masomo, mi nilifika mwaka ya pili tu, ingine nilijifunza mwenyewe. Hasahau hata siku moja. Akanusa sufuria, akauliza shahada yangu imetoka wapi. Mama Jeanine akajibu mbele yangu, na fahari kabisa, kwamba imetoka mu karatasi ya mandazi. Sasa kivuko nzima inaniita Docteur Mandazi.

Batanyamaza siku mishipa yabo italegea.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Kutoka ibada, nikafungua biashara. Karatoni, rangi nyekundu: MAJI YA POLIFENOLI. INASHUSHA DAMU.

Papa Nkulu, muchuuzi wa samaki kutoka Kilwa, alikuwa wa kwanza. Akakamata kikombe na mikono mbili, akashukuru Mungu, akakunywa, akatema mbali sana. Akauliza kwa upole kama hii ni ya kunywa ao ya kutia mu bateri. Blanchard alianguka juu ya meza yake na kucheka. Akasema bateri njo ziko kwake, bazee bavuke barabara.

Batu kumi na moja balionja. Moja alimaliza, na yeye alikuwa na pombe ya jana mu kichwa.

Nilirudi nyumbani na ndoo karibu kujaa. Mama Jeanine aliona uso yangu, akajitilia kikombe ya ine bila kulombwa. Akasema yeye anaisikia inafanya kazi. Akakunywa yote, macho yamefungwa, ju yangu.

Siku ya pili, tarehe 13

Ushindi, Macho-Mingi!

Tulienda ku klinike kupima. Sista Matildah akafunga kile kitambaa ya kupima mu mukono ya mama, akapampu, akasikiliza. Mwezi uliopita ilikuwa 180. Leo 160.

Sista akafurahi. Akauliza kama mama anakunywa bidonge kila asubui. Mama Jeanine akaniangalia. Mi nikaangalia ukuta, kulikuwa picha ya sufuria na maneno ya kutokotesha maji. Nikasema ndiyo, kila asubui.

Sista akasema bon, aendelee vile vile, ju ile dawa ikiachwa haitoki siku moja, lakini ikitoka damu inapanda tena na nguvu. Akasema pia apunguze munyu. Mama Jeanine akacheka, akamuonyesha mikono yake, ngozi imepasuka, nyeupe. Akauliza Sista, munyu apunguze wapi, mu mikono ao mu samaki? Ju yeye anapima maji ya munyu na ulimi. Kila ndoo. Fundi wote wa makayabu, samaki ya munyu, banafanya vile. Bila ulimi samaki inaoza mbele ya kufika Lubumbashi.

Njiani nilimulomba ile karatasi ya klinike. 160. Nimeibandika ku karatoni yangu. Blanchard alikuja kuisoma mara mbili. Hakucheka.

Siku ya tano, tarehe 16

Siku ya bitu mingi.

Kwanza, ukali. Batu banapenda ile 160 lakini hawapendi ukali. Nilimuuliza Ba Eneless. Aliniangalia na huruma. Akasema hata mutoto wa Kibemba anajua, lumanda inapikwa na soda, ile unga nyeupe ya kulegeza mboga, ukali inakufa pale pale. Nami kweli naijua, kwetu pia banafanya vile na majani. Nani alikataza mu maji? Hakuna.

Nikatia kijiko mbili. Ikachemka povu, kiisha rangi ikageuka. Nyekundu ikaenda. Ikabaki rangi ya mafuta ya moteri yenye imetembea mpaka Mansa na kurudi. Nikaonja. Ukali hakuna. Nikafuta neno NYEKUNDU yenye nilikuwa nimeongeza juzi, nikaandika NGUVU.

Batu bakakunywa! Papa Nkulu alikunywa mbili. Akasema sasa inafanana dawa. Mama Jeanine alionja, akasema imekuwa bure mu kinywa, haina kitu. Mukono yake ikaenda yenyewe mu mufuko ya munyu, akanyunyiza. Mara hii akapenda. Akasema sasa hii anaweza kukunywa hata sita.

Pili, Blanchard. Muhuni. Ameweka termosi ya chai kavu ku meza yake na karatasi: POLIFENOLI YA KWELI. Nikamuambia hiyo neno ni yangu. Akauliza kama niliizaa. Nikamuambia chai ya kila mutu si dawa. Akasema angalau chai yake hainuki sabuni. Kiisha, mbele ya batu, akasema tuende wote ku klinike sasa hivi. Alete wateja yake tatu, mi nilete Mama Jeanine. Sista apime. Batu bote baone.

Nilikataa. Macho-Mingi, usinihukumu. Niko na 160 ya kuandikwa na Sista mwenyewe. Mutu anayeshinda kwa nini arudishe mupira mu uwanja? Nikasema mama amechoka, si mutu wa maonyesho.

Ilikuwa kweli kidogo. Alichoka. Magaribi alisema kichwa inamupiga nyuma, pa shingo, na anaona nzi zenye haziko. Nikamuambia ni ugonjwa inatoka. Nilisoma mahali kwamba ugonjwa ikitoka inapiga. Sikumbuki wapi. Akasema sawa, docteur wangu. Akalomba kikombe ingine.

Siku ya posho, tarehe 17

Alianguka asubui pa kivuko.

Nilikuwa ku meza. Nilisikia banamuke banaita jina yangu, jina ya kweli, Hénoc, si Docteur Mandazi. Nikajua.

Alikuwa amelala karibu na beseni, mukono ya kuume mu maji ya munyu. Kinywa imeenda upande. Alikuwa ananiangalia na jicho moja sawa mutu anayetaka kuuliza kitu na ameisahau.

Blanchard alikimbia kuita gari. Mi nilikuwa nimekamata ndoo ya samaki. Sijui ju ya nini. Nilizunguka nayo tu, mbwa isikamate.

Siku ya tatu, tarehe 21

Ku hopitali. Anapumua. Upande ya kuume imekufa, mukono na muguu. Sauti inatoka lakini maneno hayatoki.

Siku ile tulimufikisha ilikuwa 220. Sista Matildah alikuja leo kutuona, akanikamata, tukaenda mu koridori. Nikamuambia yote. Bidonge juu ya kabati. Soda. Ile ndiyo yangu yenye nilisema mbele ya ukuta.

Nilingoja anitukane. Hakutukana. Alikaa ku benchi, akaongea polepole, na ile upole njo iliniumiza. Akasema ile maua nyekundu haiko uongo yote. Kuko batu inaweza kusaidia kidogo, kando ya bidonge, si mu fasi ya bidonge. Akasema ile 160 ilikuwa ya bidonge, si yangu. Akasema soda ni ndugu ya munyu, mu damu binafanya kazi moja, na soda tena ndiyo inaharibu ile rangi yenye nilikuwa natafuta. Kwa hiyo nilitoa kile kilikuwa kizuri, nikaacha kibaya, nikaongeza kibaya ingine juu.

Nikamuuliza, kama tungekuja kupima ile siku ya tano? Sista akaangalia mikono yake. Akasema ile siku ingeonekana.

Blanchard alikuja na mukate na sukari. Akasalimia mama, mama mukubwa shikamoo, akamukamata mukono yenye iko muzima. Kwangu akasema: ndugu. Basi. Ningependa aniite Docteur Mandazi.  

Siku ya kwanza, tarehe 2, mwezi ya nane

Tumerudi nyumbani. Ba Eneless ananisaidia kumuogesha. Mi napika, naosha nguo, namubeba. Eko mwepesi. Sikujua alikuwa mwepesi vile.

Sista ametoa bidonge ya mupya na maneno matatu: kila asubui, bila munyu, na umuambie mama ukweli juu ya yale maji, ju asipojua atayarudilia. Nikaapa.

Nilijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza nilimuambia mvua haiko karibu. Mara ya pili nilimuambia Papa Nkulu anamusalimia. Mara ya tatu alinipapasa kichwa na mukono ya kushoto, na neno ikarudi ndani.

Leo asubui nikaleta kidonge na maji. Alifunga midomo. Upande moja inafunga vizuri, ingine anaifunga na vidole. Nikamubembeleza. Akatikisa kichwa. Kiisha akanyoosha mukono ya kushoto, akaonyesha sufuria yangu ku kona, ile ya lumanda. Akasema nye. Akasema tena, nye, nye. Anataka kusema nyekundu. Tangu alianguka hajasema neno ingine. Hii njo ya kwanza.

Batu bote ba kivuko bameacha kuniamini, Macho-Mingi. Huyu moja tu amebaki. Na ni huyu nilimuharibu.

Nikatoka inje. Nikalia kidogo nyuma ya jiko. Kiisha nikawaza. Soda haiko tena. Munyu haiko. Sista mwenyewe alisema maua haiko uongo yote, hiyo nilisikia vizuri. Basi kosa ilikuwa soda tu. Nikawasha moto. Nikatia vikombe ine mu fasi ya mbili, ju yeye sasa eko na kazi kubwa ya kupona. Ikatoka nyekundu kabisa. Kule Puta, kivuko ingine ya ziwa, hakuna mutu ananijua. Kama mama akisimama, hata kwa fimbo, tutaenda Puta na karatoni ya mupya.

Sasa nimekaa mbele yake. Kidonge iko mu mukono yangu moja, kikombe mu ingine. Nimeipuliza, iko baridi ya kutosha. Kwa kidonge anafunga midomo. Kwa kikombe amefungua kinywa, sawa mutoto wa ndege, na ananingoja mi, docteur wake.

Ee Macho-Mingi, weye ungefanya nini?