Mada Moja Kati ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 16 Juni

Mtihani wa mdomo wa jiografia ni Alhamisi. Mada kumi na mbili. Unaokota karatasi moja mezani, unaieleza mbele ya mwalimu Birthe na mtahini mgeni. Wenzangu wanasoma zote. Nawahurumia. Mimi nimechagua moja tu: volkano. Nikiokota nyingine yoyote, nitaigeuza iwe volkano. Mdogo wangu Tyra, aliye darasa moja nyuma yangu, kanikumbusha kwamba nikianguka tena narudia mwaka, na tutasoma darasa moja. Alicheka, lakini si sana.

Jumanne, 17 Juni

Mazoezi mezani. Mama kaniomba bakuli la viazi. Nikamweleza: viazi hutaka udongo, udongo mzuri hutokana na majivu ya volkano. Sentensi mbili, nimefika! Mama akasema viazi vinapoa. Baba akanijaribu kwa bahari, nayo ikakubali. Tyra akauliza hiyo sura ya volkano yenyewe nitaisoma lini. Wivu.

Jumatano, 18 Juni

Nimetafuta njia ya kutoka mada ya reli hadi volkano. Nimeipata nikiendesha baiskeli, nikaenda kuogelea kujipongeza. Jioni nimefungua sura yenyewe. Picha nzuri sana. Nimelala mapema, kama bingwa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeokota volkano! Muda wa kujiandaa niliutumia kufurahi. Nilipoingia ndipo nikagundua: njia zote za kufika nazijua, na sasa nimeshafika. Nikaeleza viazi. Nikaeleza reli. Mtahini, mzee mpole, akakuna kidevu.

“Sawa, kijana. Lakini ndani ya mlima kuna nini?”

Nikamwambia kuna joto. Birthe akageukia dirisha.

Nimepata 02. Ndiyo alama ya chini kabisa ya kufaulu, yaani nimefaulu bila kupoteza jasho hata tone moja. Tyra alikuwa ananingoja mlangoni. Kanikumbatia kwa nguvu, akasema, “Kaka, ungeniaibisha mwaka mzima.” Nadhani alikuwa amelia. Nami sikumwachia haraka. Njaa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetafakari kwa makini kosa lilikuwa wapi. Ni zile picha. Nisingefungua kitabu, nisingechanganyikiwa. Historia ni Jumanne, mada kumi na nne. Nimechagua Waviking. Kitabu nimempa Tyra anifichie.