Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Matumbo ya Vijana, Rumonge

Waheshimiwa wakubwa wa mukoa, waheshimiwa wasaidizi wa wakubwa, waheshimiwa muliokaa viti vya mbele bila kualikwa, mashehe, mapadri, wamama wauza samaki wa ndagala kutoka Gitaza, wavuvi wa Kabonga, na ninyi vijana ambao matumbo yenu ndiyo yametukutanisha hapa: amahoro. (Wanaitika: Amahoro.)

Mimi, Revokatus, Mukurugenzi wa Uratibu wa Usimamizi wa Afya ya Utumbo, nimesimama mbele yenu kuzindua Kituo cha kwanza cha Matumbo ya Vijana katika mwambao huu wote wa ziwa. (Makofi, viti vya mbele.)

Utafiti wetu wa kina, uliofanyika kwa mujibu wa proje na kwa kuzingatia strateji, umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya vijana wa Rumonge wana tumbo. (Vicheko.) Musicheke, hiyo ni takwimu. Ndani ya tumbo hilo anaweza kuingia kijidudu anayeitwa pilori, akajichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa chakula, akaleta vidonda. Na huko chini kwenye utumbo, wale vijidudu wema wanaotusaidia kusaga chakula wakavurugika, wengine wakapungua, wengine wakazidi. Gari za bidhaa zikizuiliwa njiani Gitaza, soko la Rumonge linajua kabla ya saa sita. Na utumbo vilevile: ukivurugika, mwili wote unajua. (Wamama wanaitikia kwa vichwa.)

Mufano hai ni Raisa, binti wa miaka kumi na mitano, mutoto wa Mama Sikuzani anayeuza ndagala hapa sokoni. Raisa alikuwa anaamka tumbo linawaka, akaacha ugali, akaacha hata samaki mukeke wa kuchoma, darasani kichwa juu ya meza. Walimu wakasema ni muvivu, majirani wakasema amerogwa, na mama yake akawa analia jikoni ili binti asimuone. Leo Raisa amepona, anakula, anacheza mupira, na hayo, ndugu zangu, ndiyo matunda ya Kituo hiki. (Makofi. Mama Sikuzani anasimama.)

"Samahani, Muheshimiwa. Raisa nilimupeleka mwenyewe Bujumbura. Ndiko walimupima, wakamupa dawa."

Asante, mama. Bujumbura ni awamu ya kwanza ya proje yetu. (Vicheko.)

"Na zile dawa zilimuharisha. Daktari akasema zinagusa na vijidudu wema, watarudi pole pole. Sasa iko watoto wengine hapa wanaumwa vilevile. Watapimwa wapi?"

Swali zuri sana, limepokelewa, litaundiwa komisheni. Raisa, binti yangu, simama uwaambie wenzako tulivyokuponya.

(Raisa anasimama.) "Tumbo likiwaka, musimufiche mama. Mimi nilificha muhula muzima, nikazidi kuumia." (Makofi marefu kuliko yote.)

Nashukuru kwa makofi hayo muliyonipigia.

Sasa tuseme kwa pamoja: Tumbo salama. (Tumbo salama.) Utumbo mutulivu. (Utumbo mutulivu.) Proje mbele. (Kikohozi.)

Kwa kuhitimisha, namushukuru Bwana Hamidou, mwenye ukumbi huu wa harusi, kwa kutuazima mulango wa kukatia utepe. Wapiga picha wakishamaliza, tafadhali bandueni kibao cha Kituo taratibu, kisikwaruzike, kwa sababu kesho tunakizindulia Nyanza-Lac. Na ninyi wenye matumbo yanayouma, nimeambiwa gari ya Bujumbura inaondoka saa nane. Asanteni sana, murakoze cane.

(Mama Sikuzani ameshawakusanya vijana. Wanaelekea barabarani.)