Koti la Tata

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kanisani na hasira. Mchungaji katangaza kwamba mvua ya mawe imeezua nyumba huko Muleba, juu vilimani, na watu wanalala kwenye madarasa na baridi ile. Wazee, watoto, wote. Zinatakiwa nguo nzito, mablanketi, sufuria, sabuni. Hajamaliza hata sentensi, mdogo wangu Mwesiga kasimama eti atakusanya Kahororo nzima. Kasimama! Mbele ya shangazi Alistidia!

Jumamosi ukoo unakaa Nyanga kumsimika mrithi wa tata, marehemu baba yetu. Kibanja chote: migomba, kahawa, nyumba, na kiti cha mbele kwenye kila kikao mpaka nife. Mimi Onesphory ndiye kifungua mimba. Lakini tata hakuacha wosia, shangazi ndiye mwenye neno, na juzi alisema ukoo unataka mtu mwenye huruma. Huruma! Basi nitawaonyesha huruma mpaka waombe poo.

Nikasimama na mimi. Nikasema kata ya Bilele niachieni.

Jumatatu, 5 Mei

Bilele wana roho mbaya. Nyumba kumi na moja! Nimepata soksi moja (moja!), fulana ya mgombea aliyeshindwa uchaguzi, na chandarua chenye matundu ya kupitisha kuku. Mama mmoja kanipa koti la mvua la mtoto, halafu akanikumbusha ngazi yake niliyoazima mwaka juzi. Sasa ngazi na baridi ya watu vinahusiana nini?

Jioni kapita Mwesiga, baiskeli imejaa mablanketi. Kaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wake ndio unaoniudhi zaidi! Nikamwambia mzigo wangu umejaa stoo. Sina stoo.

Jumanne, 6 Mei

Mke wangu amenigeuka. Nilichukua sweta zake mbili tu, na blanketi la wageni. Theopista akasema kama nina huruma nianze na jaketi langu. Nikamweleza kwamba jaketi nitalivaa siku ya kukabidhi, picha zitapigwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungia kila kitu kabatini na ufunguo kaondoka nao.

Ikanijia akili. Nikaenda Nyanga, kwenye sanduku la tata. Mna vitu viwili: kanzu nyeupe na koti. Kanzu nimeileta nyumbani, iko chini ya godoro. Kila mtu anajua mrithi huvikwa vazi la marehemu mbele ya ukoo, ndipo anakalia kiti. Kanzu ikiwa kwangu, Mwesiga atavikwa nini? Gunia?

Koti nikalitia kwenye mzigo wa Muleba. Zee la koti! Sufu nzito, rangi ya tope, linanuka moshi, kifungo kimoja. Lakini uzito wake ni mablanketi matatu. Mzigo wangu ukavimba vizuri sana.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekabidhi. Baridi ya kule si mchezo, ukungu unaingia mpaka kwenye meno. Mimi na jaketi langu. Nikachagua mzee atakayependeza kwenye picha, anaitwa mzee Karugendo. Nyumba yake imebaki kuta, na yeye anatetemeka vizuri. Nikamvika koti la tata kwa mikono yangu, polepole, mpiga picha apate muda. Nikamvua, nikamvika tena. Nilipotaka kumvua mara ya tatu, mzee akauliza kama koti ni lake au ni la picha. Watu wakaangua kicheko. Watu wenye shida wanacheka nini?

Mwesiga hana picha hata moja. Alikuwa juu ya nyumba ya mzee huyo huyo anapigilia bati. Mjinga. Nani atamwona huko juu?

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwisha! Nimekwisha kabisa!

Shangazi kapiga simu asubuhi. Kafungua sanduku, limebaki tupu, analia. Nikajifanya kushtuka. Nikauliza jamani, kanzu ya tata imeibwa? Akasema kanzu ya nini, ile tata aliinunua juzi tu kwa harusi ya jirani. Analilia koti! Koti alilovikwa tata siku aliposimikwa, na kabla yake alivikwa babu. Bila koti hasimikwi mtu. Mimi siku ile nilikuwa na miaka mitatu, nani aliniambia? Hakuna! Ukoo mzima wa watu wasiosema!

Nikakodi pikipiki mpaka Muleba, mvua juu yangu njia nzima. Mzee Karugendo kakaa mlangoni, koti kalifunga kile kifungo. Akanikaribisha kahawa ya kutafuna. Nikatafuna. Kisha nikaomba koti. Akasema ndilo lililompa usingizi wa kwanza tangu nyumba iezuliwe. Nikamweleza lilikuja kimakosa. Akajibu kwamba baridi haikumjia kimakosa.

Hasira zikanipanda. Nikashika mkono wa koti nikavuta. Akavuta. Ana miaka themanini na zaidi, ana nguvu za fahali! Wanawake wakatoka na miiko. Nikabadili mbinu, nikampa jaketi langu tubadilishane. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalivaa juu ya koti. Nikaongeza sweta. Akampa mkewe. Nikavua soksi. Soksi pia akapokea. Koti hakutoa!

Nikabaki kifua wazi mbele ya kijiji kizima. Mama mmoja akanionea huruma, akanipa ile fulana ya mgombea aliyeshindwa. Ndiyo niliyorudi nayo Kahororo. Napiga chafya tangu njiani.

Jumamosi, 10 Mei

Kalamu imetoboa karatasi kwa hasira, sijui kama nitaweza kusoma mwandiko huu.

Ukoo wote Nyanga, rubisi ya ndizi imejaa mitungi. Nikaingia nimevaa kanzu ya tata, nikatangaza kwamba nimeoteshwa ilipo. Shangazi akanisogelea, akainusa, akasema ndoto yangu inanuka godoro.

Ndipo akaingia mzee Karugendo! Jaketi langu juu, koti la tata chini, na Mwesiga kamshika mkono. Kumbe Mwesiga alirudi jana jioni kumalizia bati, mzee akamsimulia habari za mwendawazimu aliyekuja kumvua nguo. Mwesiga akamwambia lile koti ni la nani. Hakumwomba. Akamkaribisha tu aje ale na sisi.

Mzee akavua mwenyewe. Akasema, waitu, ndugu zangu, vazi la wenyewe halikai mwilini, amelirudisha, ila anaomba neno moja: amvike kwa mkono wake yule aliyemrudishia paa. Shangazi akauliza nani alilitia koti kwenye mzigo. Nikatazama migomba. Mke wangu, mke wangu wa ndoa, akaninyooshea kidole!

Mwesiga kavikwa. Kakalia kiti. Na neno lake la kwanza kama mrithi? Kwamba mzee Karugendo na mkewe walale hapo Nyanga mpaka mvua ziishe. Kisha akasimama, akavua koti, akamvika mzee tena. Shangazi akalia. Watu wazima wakalia! Kalivaa dakika mbili! Dakika mbili, na kibanja chote kachukua!

Nimelia pia, kwa hasira.

Jumapili, 11 Mei

Homa. Sikwenda kanisani. Theopista kaniletea habari: limesomwa jina la mhitaji mmoja aliyebaki, hana jaketi, hana sweta, anaumwa. Mimi! Kaniandikisha Mwesiga! Ameleta kifurushi mwenyewe, kakiweka mlangoni, kaniuliza hali. Nikavuta shuka usoni. Ndani kuna sweta ya buluu, sabuni na soksi moja. Ile ile ya Bilele! Nimeivaa, sina jinsi, mguu mwingine nimeukalia.

Lakini nimelala hapa nikafikiri kwa makini, na nimeona kosa langu lilipo. Nilichagua mzee mwenye nguvu. Basi. Mengine yote nilifanya sawasawa.

Koti liko Nyanga, kwenye chumba cha nyuma anacholala mzee Karugendo. Dirisha la chumba kile halina komeo, nalijua tangu utoto. Mwesiga alilivaa dakika mbili. Mimi nikilivaa dakika tatu, nani atabisha?

Theopista anauliza nacheka nini.