Amri ya Kuosha Kuta kwa Usalama

Ijulikane kwa kila mwenye nyumba, mwenye chumba na mwenye kuegemea ukuta wa jirani: ifikapo Alhamisi adhuhuri, kuta zote za nje za mji wa Mkwajuni ziwe zimeoshwa kwa maji, mara tatu, kuanzia juu kwenda chini, kwa usalama.

Hivyo ndivyo mbiu ilivyopigwa kisiwani Mafia wakati ule Mdachi akitawala, na Akida Jabir bin Ameir akimsaidia kuliko alivyoombwa. Asili ya amri ilikuwa kidole. Mwezi uliotangulia Bwana Shauri, yule Mdachi mwenye wilaya, alipita mjini, akagusa ukuta mmoja, akakitazama kidole chake, kisha akapanda mashua bila kusema neno. Mtu mwingine angedhani kidole kimeingia vumbi, basi. Akida aliona sheria inayosubiri kuandikwa.

Akaiandika. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, aliweka vifungu kumi na saba vya usalama. Muoshaji afungwe kiunoni kwa kamba ya makumbi ya nazi, na kamba hiyo ifungwe kileleni mwa mnazi ulio karibu. Chini asimame msimamizi wa kumtazama muoshaji, na nyuma yake asimame mtu wa kumtazama msimamizi asije akasinzia. Kamba isifunguliwe ila kwa cheti, na cheti kiandikwe na Akida mwenyewe akiwa amekaa mezani pake, maana siku moja aliwahi kuandika amesimama na wino ukamwagikia kanzu. Nyumba isiyooshwa itabomolewa. Nyumba iliyokwisha kuanguka imesamehewa.

Asubuhi iliyofuata alifika Bi Biubwa. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kukandika udongo. Nusu ya nyumba za Mkwajuni zilikuwa na alama za viganja vyake. Alimzidi Akida miaka ishirini, lakini alimwamkia shikamoo, kwa sababu amri ya mwaka juzi ilitaka kila raia amwamkie Akida hivyo, mkubwa kwa mdogo. Akida akaitikia marahaba bila kuona haya.

"Akida, nyumba yangu ni ya udongo," alisema Bi Biubwa. "Nikiuosha ukuta wangu, nitalala nje."

Akida alikunjua karatasi, akaifuata kwa kidole toka juu mpaka chini, akaikunja tena. "Hapa hapakuandikwa udongo. Pameandikwa ukuta. Huo wako ni ukuta au si ukuta?"

"Ni ukuta mpaka nitakapouosha."

"Basi uoshe kwanza, hayo mengine tutayatazama."

Bi Biubwa akamweleza kwamba toka enzi za mababu watu hushusha makuti ya paa karibu na ardhi ili mvua isiguse ukuta, na sasa serikali inataka maji yale yale waliyoyakimbia wayabebe kwa mitungi kutoka kisimani. Akida alikubali kwamba hoja ni nzuri, ila haimo katika karatasi. Raia ameachiwa uhuru kamili: akipenda aoshe nyumba ianguke, akipenda asioshe ije ibomolewe. Karani Hemedi aliandika kwamba mlalamikaji amesikilizwa.

"Na ya kwako pia, Akida, usiiguse," aliongeza Bi Biubwa. "Mimi kuta zake nazijua."

Hapo Akida alicheka mpaka kilemba kikalegea. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, nyeupe pe, na alipenda kuwaambia wageni kwamba hata magofu ya mji wa kale wa Kua yataisha, nayo itabaki. Aliiamuru mwenyewe. Mwaka aliopewa uakida alikwenda bara siku thelathini, akaacha neno kwamba akirudi aikute nyumba ya mawe imekwisha, na asiyemaliza atakiona. Wajuzi husema mawe huchimbwa, chokaa huchomwa, na ukuta huachwa ukakauka miezi na miezi. Akida alirudi, akaikuta nyumba tayari toka siku ya ishirini na tisa. Alipiga ngumi baraza ya mbele, ikamwumiza vizuri, naye akaridhika kwamba jiwe likiamriwa hukauka.

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alimwambia.

Moyo ulimuuma Bi Biubwa, maana nyumba yake ambayo Akida alitaka kuibomoa aliijenga na marehemu mumewe. Lakini alikwisha kumwonya mara moja, na mkubwa haonywi mara mbili. Akaomba jambo dogo tu: watu wa Mkwajuni hawajapata kumwona mtu akiosha ukuta kwa usalama, wanachelea kuivunja sheria kwa ujinga. Akida awe wa kwanza, waige.

Wazo lilimwingia Akida kama halua. Alhamisi ndiyo siku Bwana Shauri angefika, na cheo cha liwali kilikuwa wazi. Akaagiza mitungi sitini.

Alhamisi watu walijaa uwanjani. Matano, mgema, alipanda mnazi akafunga kamba kileleni, akashuka akamfunga Akida kiunoni. Msimamizi alisimama, na msimamizi wa msimamizi akasimama. Akida akapanda ngazi na kumbi mkononi, akasugua, na mitungi ikapandishwa mmoja baada ya mwingine. Mara ya kwanza chokaa ilitoa nyufa. Mara ya pili ilibanduka kwa vipande vikubwa, na Akida akatangaza kwamba huo ndio uchafu wenyewe.

Mara ya tatu ukuta ulishuka wote kwa pamoja, tope tupu, maana jiwe lilikuwa la baraza ya mbele peke yake, na ngazi ikaufuata. Akida hakushuka. Kamba ilimshika, akabaki akining'inia hewani salama kabisa, na guu lake halikuvunjika. Nyumba ilibaki fito na boriti kama dema la kuvulia samaki, na ndani yake alionekana mkewe, Bi Jokha, akimenya muhogo. Alimtazama mumewe kupitia kwenye fito, akasogeza chungu kisiingie tope.

"Hemedi, nifungue," alisema Akida.

"Cheti, Akida."

"Cheti naandika mimi."

"Ukiwa mezani, Akida. Kifungu cha kumi na moja."

Meza ilitolewa nje kwa heshima zote. Haikuhitaji kupitishwa mlangoni. Waliiweka chini ya miguu yake pamoja na kalamu na wino, lakini ilimpungukia kama pima moja, na hakuna kifungu kilichoruhusu kuiinua.

Hapo ndipo Bwana Shauri alipofika kutoka pwani. Aliitazama nyumba, akamtazama Bi Jokha, ambaye alimkaribisha muhogo. Akagusa boriti moja kwa kidole, akakitazama kidole, akaomba maji ya kunawa. Aliambiwa yamekwisha yote ukutani. Akauliza amri hii ni ya nani.

Mji mzima ukaonyesha juu.

Bwana Shauri aliiomba karatasi, akaichana vipande vinne, akarudi kwenye mashua. Kwa kuwa amri ilikufa, na kifungu cha cheti kikafa nayo, Matano alipanda mnazi akamshusha Akida taratibu.

Alasiri, Bi Jokha alikuwa amekwisha kuhamia kwa Bi Biubwa na vyungu vyake. Akida alizunguka mji mara mbili, kisha naye akaja. Alisimama chini ya upenu wa makuti, kanzu ikichuruzika maji.

"Shikamoo, Bi Biubwa," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Ila kanzu yako mbichi, usiegemee ukuta."