Ofisi ya Makazi ya Kudumu Yahama Tena

Ilitangazwa Rumonge, mji wetu kando ya ziwa, kwa kipaza sauti kilichoazimwa msikitini, kwamba kuanzia siku hiyo kuhamahama kumekwisha. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, na Direkteri Darius, mkuu wa Ofisi yetu ya Makazi ya Kudumu, aliona huo ndio wakati mwafaka wa kuwatuliza watu. Batwa, alisema, wafinyanzi wetu wapendwa wanaofukuzwa kilima hadi kilima tangu enzi za mababu, sasa watapata nyumba za kudumu, vitambulisho vya karangamuntu na haki zote za msingi, kwa utaratibu. Kila alipotamka "utaratibu" tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu. Jina langu Chanceline, cheo changu Mkaguzi wa Kutulia, na nilikuwa naamini kila neno.

Tulikuwa tunafungua fanta alipoingia uani mgeni ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuwa mama mwembamba mwenye chungu kichwani. Ofisi nzima ilishtuka. Programu ilitaja wageni wa heshima, ngoma na dua, haikutaja mlengwa.

"Amahoro," alisema. "Miye naitwa Domitille. Niko Mutwa. Nimesikia muko munatoa manyumba."

Direkteri alimeza fanta taratibu. "Mama, sisi hatutoi nyumba. Sisi tunawezesha mchakato wa upatikanaji wa nyumba."

"Sawa. Na huo muchakato iko na bati?"

Amisi, dereva wetu, alicheka mpaka fanta ikamtoka puani, akaamriwa akaoshe gari.

Bati lilikuwapo, kusema haki. Nyuma ya ofisi ilisimama Nyumba ya Mfano: matofali, mabati, mlango wa kufuli. Ilikuwa moja tu, kwa sababu mifano ikizidi huwachanganya wananchi.

Domitille alitua chungu chake, akaeleza. Sokoni hafiki, kwa sababu kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari wanataka karangamuntu. Karangamuntu hapewi, kwa sababu hana anwani. Anwani hana, kwa sababu kila msimu mwenye shamba la michikichi anapojenga kibanda humfukuza.

"Askari ananiuliza, weye ni nani? Namuambia, Domitille. Ananiambia, leta karatasi inayosema hivyo. Basi narudi. Vyungu vimejaa kibandani, watoto wanakula hewa."

Direkteri alimsikiliza kwa huruma, kisha akamsomea masharti aliyoyatunga yeye mwenyewe na kamati, siku ile kamati ilipoletewa samaki wa mukeke wa kuchoma. Nyumba, alisema, ni hatari kwa asiyezoea. Ukimweka mhamaji ndani ya kuta ghafla, anaweza kupata mshtuko. Kwa hiyo mwombaji sharti aonyeshe kwanza kwamba anaweza kutulia bila nyumba. Mkaguzi atamtembelea, kisha atamtembelea tena, na ziara zote mbili amkute palepale. Akikosekana, dosiye, yaani faili lake, inafungwa.

"Yaani ili munipe pa kukaa," Domitille aliuliza, "lazima kwanza nikae?"

"Umeelewa haraka sana," Direkteri akamsifu.

"Na mwenye michikichi akinifukuza?"

"Hilo liko nje ya mchakato."

Kesho yake nilimkuta kwenye kibanda chake cha majani kando ya kinamasi, anakanda udongo. Nilifurahi sana. Nilipiga kashe, muhuri wa ofisi, kwenye dosiye kwa nguvu mpaka vifaranga vikakimbia. Nilipoaga, alinishika mkono.

"Na ya pili unakuja lini?"

"Kabla ya mvua kubwa, mama. Nikikukuta hapa, ufunguo nitakupa kwa mkono wangu."

"Weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi sitoki."

Halafu vita vikashuka kutoka milimani, na Ofisi ya Makazi ya Kudumu ikahama. Kibao chetu kilifunguliwa skurubu, kikafungwa kamba juu ya pikapu, tukaenda Magara. Direkteri alipiga marufuku neno "kukimbia". Jina sahihi lilikuwa "kutulia kwa kusonga mbele". Magara tulipewa banda la kukaushia ndagala, dagaa wa ziwani. Wachuuzi walisoma kibao, wakauliza kilo ni bei gani. Milio ya bunduki ikatufuata, tukahamia Kabezi, kwenye baa iliyofungwa. Kila tulipofika Direkteri alipigilia kibao ukutani na kutuhutubia juu ya faida za kukaa mahali pamoja.

"Madmazeli," Amisi aliniambia, "hiki kibao kimetembea kuliko miye, na miye niko shoferi."

Mawingu ya mvua kubwa yalianza kujikusanya juu ya ziwa. Niliomba ruhusa ya kwenda kufanya ziara ya pili.

"Barabara inapigwa risasi," Direkteri alisema. "Tena mlengwa lazima amekimbia. Ni tabia yao. Funga dosiye."

"Nilimwahidi, Direkteri."

"Ahadi si utaratibu."

Amisi alikuna kichwa. "Miye nakwenda kumuangalia mama yangu Rumonge. Kama kuna mutu amejilaza nyuma ya gari chini ya turubai, macho yangu siku hizi haioni vizuri."

Rumonge ilikuwa tupu. Maduka yalifungwa, mbwa walilala katikati ya barabara. Hata mwenye michikichi alikuwa amekimbia, na pengine ndiyo maana msimu ule Domitille hakufukuzwa na mtu. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda, vyungu vimemzunguka pande zote.

"Umechelewa," aliniambia.

"Mama, hukukimbia?"

"Ningekimbia namna gani? Mulisema nikitoka dosiye inafungwa. Risasi zilipita hapa juu, watoto nikawalaza ndani ya shimo la udongo. Nikawaambia, mutulie, mukaguzi asije akatukosa."

Niliketi chini katikati ya vyungu. Nilipata aibu ambayo haikuwamo kwenye programu. Kisha nikapiga kashe ya pili, polepole, nikamwahidi kurudi na ufunguo niliouacha Kabezi.

Mapigano yalipotulia, watu walirudi na magodoro kichwani. Direkteri naye alirudi na kibao. Jumba lake lilikuwa limepoteza paa, basi nilipofika nyuma ya ofisi na Domitille na watoto, nilimkuta mlangoni pa Nyumba ya Mfano, masanduku miguuni, anausubiri ufunguo ambao mkaguzi, yaani mimi, ndiye anayeutunza.

"Dosiye imekamilika, Direkteri. Amekutwa palepale, ziara zote mbili."

"Hali imebadilika," alisema. "Sasa hata mimi sina makao."

Nilimwonea huruma ya kweli. "Basi unastahili kuingia kwenye mchakato! Nitakutembelea. Ila kuna kasoro. Rumonge ulikosekana, Magara ukakosekana, na Kabezi sasa haupo. Halafu kuta, ghafla hivi..."

"Kibanda iko wazi kule kinamasini, Patroni!" Amisi alipaza sauti kutoka kwenye pikapu. "Ya majani, haina mushtuko!"

Majirani waliokuwa wanashusha mizigo walicheka mpaka magodoro yakaanguka.

Direkteri alinisogelea, akanong'ona. "Madmazeli, ufunguo huo ukitoka mkononi mwako, mshahara umetoka nao. Na kazi nyingine pwani hii hutapata. Nitahakikisha."

Nyumbani kwetu watu wote walikula kutoka kwenye mshahara ule. Nilifumba macho kidogo. Kisha nikamwekea Domitille ufunguo kiganjani, kwa mkono wangu.

"Na kwenye karangamuntu inaandikwa nini?" aliuliza.

"Rumonge, nyuma ya ofisi."

"Umefukuzwa kazi!" Direkteri alitangaza, na mvua ikaanza.

Domitille alifungua kufuli. Aliwaingiza watoto, halafu vyungu, halafu akaniita mimi. Mwisho alimtazama Direkteri, aliyekuwa amekalia sanduku lake huku maji yanamchuruzika shingoni.

"Ingia na weye," alisema. "Utalala pale kwa mulango, mupaka upate pako. Lakini vyungu vyangu usiviguse."