Bata wa Darasa la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nianze shule. Naandika upesi kabla haijapoa.

Mwalimu mpya wa Hisabati ameingia na sanduku la vishikwambi ishirini na vinne. Kila mtu chake! Ndani mna mchezo. Unachagua mnyama, unajibu maswali, mnyama anapanda ngazi. Nimechagua kuku. Wengine wote wamechagua simba na chui. Kwa hiyo ngazi ina simba wengi, chui wengi, na kuku mmoja.

Swali la kwanza nimekosa. Nikafumba macho kusubiri kicheko. Kimya. Nikafumbua jicho moja. Skrini imeandika: Jaribu tena. Basi! Miaka saba nimekosa mbele za watu, na leo ndiyo mara ya kwanza nakosa bila mtu kugeuka kumkonyeza mwenzake.

Mwalimu akapita, akainama, akasema kuku wangu ana moyo. Nikasema ahsante Mwalimu. Mara tatu. Akacheka akaenda zake.

Kuna jambo moja baya. Haya ni majaribio. Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Asipoona maendeleo, sanduku linahamia Saba B, ng'ambo ya ukuta, na Mwalimu analifuata. Saba B! Watu wanaokula chaki.

Nimemweleza Shangazi. Shangazi ni fundi cherehani na alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikusikia vizuri. Nadhani alisema mtu akikutendea wema usikae bure, ila niangalie fadhila yangu isije ikawa ya punda.

Sitakaa bure.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nusura nimeze povu.

Maendeleo ni nini? Ni umbali kati ya ulipoanza na ulipofika. Kesho mchezo unatupa mtihani wa kwanza, maswali ishirini, ili ujue tulipo. Sasa, tukianza shimoni kabisa, hata tukipanda hatua mbili mkaguzi atadhani tumeota mabawa!

Nimelieleza darasa wakati wa mapumziko, nimesimama juu ya benchi. Sijawahi kusimama juu ya kitu chochote. Wengi wameafiki. Kifutio, jirani yangu wa dawati (hufuta kila anachoandika, hata jina lake), amesema kwake kukosa si mpango, ni desturi. Kiranja wetu, Mia-kwa-Mia, amekataa katakata. Hajawahi kukosa swali na haoni sababu ya kujifunza leo. Nikamwambia ni kwa ajili ya Mwalimu. Akasema haya, lakini kama ni kukosa, yeye atakosa vizuri kuliko sisi wote.

Nawashukuru sana wenzangu. Umoja ni nguvu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa.

Kukosa ni kazi! Kila swali lina majibu manne. Ili ukose kwa hakika, sharti ulijue jibu kwanza, halafu ulikimbie. Mimi silijui. Hesabu za sehemu ndizo zinazoniua. Basi kila swali nikatafuta jibu ambalo mimi ningelichagua, nikalikwepa, nikabonyeza lile lililoonekana la kipuuzi kuliko yote. Jasho mpaka shingoni.

Matokeo yakatokea ukutani. Mia-kwa-Mia, sifuri. Sifuri safi, mviringo kama yai. Kifutio, mbili. Wengine sifuri, moja, mbili, moja. Na juu kabisa ya ngazi, peke yake, kuku. Tisa.

Tisa! Mara ya kwanza maishani nimekuwa wa kwanza, siku ambayo ilikuwa marufuku!

Darasa zima likanigeukia. Kifutio akanong'ona, "Msaliti we." Mia-kwa-Mia akasema, kwa ule upole wake wa kiranja, kwamba amevunja heshima ya miaka saba ili mimi nipande juu ya mgongo wake. Nikaapa kwamba nilikosa kwa bidii zote. Hakuna aliyeniamini.

Aliyenimaliza ni Mwalimu. Akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akasema, afadhali mmoja. Akaomba nipigiwe makofi. Makofi yale! Kama watu wanaoua mbu.

Alhamisi, 6 Machi

Mchezo una akili. Ukiona mtu hajui, unamrudisha mahali anapojua. Darasa lote limerudishwa chekechea. Kuhesabu bata. Ukipatia, bata wanaimba. Sauti haizimiki.

Vishikwambi ishirini na vitatu. Bata. Kwa pamoja. (Cha ishirini na nne ni changu. Mimi niko Darasa la Tano, peke yangu, na sehemu.)

Saba B wamejazana dirishani. Mmoja akauliza kama tukimaliza tutalazwa mchana. Mwalimu Mkuu akafungua mlango, akamwona Mia-kwa-Mia akihesabu bata watano kwa sauti iliyokufa, akafunga mlango taratibu.

Mwalimu alikaa mezani akiandika, mkono mmoja mdomoni. Nadhani alikuwa analia. Kwa ajili yangu!

Mia-kwa-Mia hazungumzi nami. Amemtuma Kifutio aje kunieleza kwamba hazungumzi nami.

Ijumaa, 7 Machi

Mchezo hauruhusu kuruka. Ngazi kwa ngazi, maswali ishirini kila ngazi. Kutoka bata hadi Darasa la Saba kwa siku sita? Hata maji hayapandi mlima.

Mpango wa pili. Mia-kwa-Mia ana vidole vyepesi. Amchezee kila mtu wakati wa mapumziko! Nimemwandikia barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, nikaificha ndani ya kitabu chake cha Historia. Amenirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Chini ameandika: Nakubali, nikianza na changu.

Ana roho nzuri sana yule, ukimzoea.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo safi! Mwalimu ametuachia vishikwambi mapumziko yote. Mia-kwa-Mia amezunguka dawati hadi dawati kama daktari wodini, na kila alikopita bata walinyamaza. Sisi wengine tulilinda mlango. Kifutio amepanda mpaka Darasa la Nne akiwa nje anapiga mluzi. Akarudi, akajiona huko juu, akaruka kwa furaha. Kisha mchezo ukamletea swali la Darasa la Nne. Akaulizia bata wake.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu ameniita baada ya kipindi. Akageuza kishikwambi chake nione.

Mama yangu! Kila kitu kimo humo. Nani kajibu, saa ngapi, kwa sekunde ngapi. Akanionyesha kwamba jana Kifutio alijibu maswali themanini kwa dakika nne, bila kosa hata moja. Ni ajabu, akasema, maana dakika hizo hizo yeye Mwalimu alikuwa anapita barazani akamwona Kifutio huyo huyo mlangoni, na mluzi wake ulikuwa mbaya.

Kisha akarudi nyuma mpaka Jumatano. Akanieleza kwamba mtoto asiyejua hubahatisha upesi, na akibahatisha mara ishirini hawezi kukosa zote. Mia-kwa-Mia alitafakari kila swali dakika nzima, akakosa ishirini kati ya ishirini. Sifuri ya namna hiyo, akasema, haipatikani bila kusoma sana.

Alijua tangu siku ile ile!

Nikauliza, sasa bata je? Akasema bata angeweza kuwaondoa kwa kidole kimoja. Aliona tunawastahili. Na ule mkono mdomoni ulikuwa wa kuzuia kicheko.

Nikakiri yote kwa pumzi moja, pamoja na benchi na mswaki. Akauliza kwa nini. Nikasema, ili abaki nasi. Akavua miwani akaifuta. Haikuwa na vumbi.

Halafu akauliza kuku wangu anakwama wapi. Nikasema, sehemu. Akavuta kiti. Mchezo unakupa kipande, unakikata kwa kidole. Nusu jumlisha robo. Nikakata vibaya mara nane. Mwalimu hakuangalia saa hata mara moja. Mara ya tisa nikaona kile kipande si kipande, ni kitambaa cha Shangazi! Robo tatu ya mita, sketi ya mtoto. Nimemkatia Shangazi tangu nina miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hizo ndizo sehemu!

Nimekimbia mpaka nyumbani kumweleza. Akasema sasa nijue kwa nini huwa ananifokea kuhusu robo.

Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi ni mtu mrefu mwenye daftari dogo. Kabla hajakaa, Mwalimu akamweleza kila kitu. Kila kitu! Shimo, sifuri, bata, mluzi. Nikatamani ardhi inimeze. Mkaguzi akamsikiliza mpaka mwisho, akaomba kiti, akacheka mpaka kiti kikalia.

Kisha Mwalimu akafuta alama zote, tukafanya mtihani upya mbele ya mkaguzi. Kwa kweli, safari hii.

Mia-kwa-Mia, ishirini. Kifutio, nane, na amesema ni kwa kuwa kishikwambi hakimpi nafasi ya kufuta. Mimi, kumi na tatu. Zangu mwenyewe!

Mkaguzi akaniita ubaoni nieleze moja. Mbele za watu. Saba B dirishani. Nikakosea katikati, mtu akaguna. Nikafuta nikaanza upya. Nikamaliza. Hakuna aliyekufa.

Hayo ndiyo maendeleo, akasema mkaguzi. Vishikwambi vinabaki kwetu. Mwalimu akanishika bega akasema njia ya mkato nimeiona ilivyo ndefu, bila shaka nimejifunza. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Sana.

Nilitamani kumshukuru kila mtu. Nimemshukuru hata mlinzi wa geti. Ameniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 14 Machi

Msiba!

Mkaguzi amempenda Mwalimu kupita kiasi. Anataka muhula ujao azunguke shule nyingine akawafundishe walimu wenzake kutumia mchezo. Vishikwambi vibaki, mwenye navyo aende! Uamuzi utatoka wiki ijayo. Mwalimu ametuambia huku anatabasamu. Maskini, anajikaza.

Shangazi amesema kitu kizuri hugawanywa. Ni kweli. Vitu vizuri vingine.

Lakini tulieni. Nimekwisha kupata dawa. Mkaguzi anamtaka kwa kuwa ni hodari, sivyo? Basi asipokuwa hodari hatamtaka! Nimemwandikia barua ya siri. Nimesema Mwalimu huyu hafai kabisa, hajui kufundisha, ana hasira, tena hesabu zenyewe zinampiga chenga. Nililia nikiandika, kwa jinsi nilivyo na shukrani.

Ni barua isiyo na jina, ili pasijulikane imetoka wapi. Ila barua ya mtu mmoja haina uzito. Kwa hiyo darasa zima limetia sahihi, wote ishirini na nne. Mia-kwa-Mia ametia ya kwanza, na chini yake akaongeza cheo: Kiranja, Saba A.

Naipeleka Jumatatu asubuhi. Nimemwomba Mwalimu anielekeze ofisi ya mkaguzi ilipo, na amefurahi sana kusikia kwamba tunamwandikia.