Nimegonga Wufa kama Chungu

Leo nimejiaibisha katikati ya mji wa Kamembe. Nawaambia mwenyewe kabla Maman Feza hajawafikia (yule mama wa Bukavu anayeuza vitenge, habari hailali kwake).

Mjukuu wangu Zawadi ametengeneza bafle, lile sanduku la spika. Kwa mikono yake! Mbao amekata, gundi amepaka, kitambaa amevuta. Ilibaki wufa tu, ile spika kubwa ya kutoa besi. Jumamosi kuna harusi Gihundwe, ndiyo kazi yake ya kwanza, na mtaani wameshasema msichana hawezi kupigisha muziki. Asubuhi nikamwambia: "Twende wote. Macho yangu hayadanganywi." (Miwani niliiacha nyumbani.)

Kwa fundi, Papa Sefu, tukakuta wufa mbili. Moja mpya, inameta kama sufuria ya bibi harusi. Nyingine ya zamani, ile karatasi yake ya usoni imefifia.

"Chukua hii inayong'aa!" nikasema.

"Hapana, Koko," akasema Zawadi (bibi kwetu ni Koko). "Sumaku yake ndogo. Itapiga kelele, besi hakuna."

Akainua ile ya zamani, akaweka vidole pande zote mbili, akasukuma karatasi polepole, akatega sikio. "Haikwaruzi ndani. Ni hii."

Kumbe ni kusikiliza tu! Hapo kichwa kikanivimba. Mimi nimenunua vyungu kwa Nyirahabimana, kwa Kantarama, kwa Mukamusoni wa Nkanka, na hakuna hata kimoja kilichonivujia. Unakigonga. Kikilia vizuri, kizima.

Nikaigonga.

Paf! Kidole kikatoboa karatasi, kikatokea upande wa pili. Nikavuta, pete ikakwama. Nikavuta tena, wufa nzima ikainuka na mkono. Weee!

"Koko, usitikise!" Zawadi alikuwa karibu kulia.

Na nani anaingia saa hiyohiyo? Maman Feza! Ameshanyoosha mkono. Sasa mimi nimelelewa: mkono wako ukiwa haufai kushikwa, unampa mtu kifundo cha mkono. Nikampa kifundo. Wufa inaning'inia.

Akakishika kwa heshima zote.

"Jambo, Maman. Batoto beko muzuri?" Akatazama chini. "Na hii bangili, ulipata wapi?"

Duka zima likaanguka kwa kicheko. Papa Sefu akatafuta kiti. Mimi nikatafuta shimo la kuingia (lililokuwepo lilikuwa limejaa kidole changu).

Alipomaliza kufuta machozi, Papa Sefu akanitoa kidole, akaziba tundu kwa kitambaa chembamba na gundi. Tukangoja ikauke. Zawadi anapuliza gundi. Mimi namwomba Mungu kimyakimya.

Nyaya zikaunganishwa. Kimya. Halafu: duu! Duu! Meza ikatetemeka. Niliisikia mpaka magotini, na magoti yangu hayajasikia kitu kizuri siku nyingi.

"Inapiga!" Zawadi akanikumbatia. "Papa Sefu, funga. Tunaichukua. Koko, wewe beba mfuko mtupu."

Basi, marafiki, anayetaka kunicheka aje Jumamosi, asimame mbele ya bafle ya Zawadi, acheke apendavyo. Hatasikika.